Mulinzi Uliovuka Maji

Nyabiondo, tarehe 14 Machi 1955

Kwa Hilaire, mwana wa dada yangu,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako, ingawa sijui kama paa unalo wala kama chini yake kuna mtu, maana hujaandika tangu Noeli ya mwaka juzi. Sisi tupo. Nyanya yako Athanasie yupo. Macho yanaona, miguu ndiyo imekataa vilima. Maharage yalianza vizuri, kisha mvua ikayapiga yakiwa katika maua. Mke wangu Léontine anaumwa jino na nyumba nzima inaumwa pamoja naye. Watoto wa katekisimu wamefika arobaini na mmoja, na kitabu ni kile kile kimoja.

Hizo ndizo habari. Sasa nisikilize.

Jumatatu iliyopita bwana agronomi, afisa wa kilimo wa serikali, alipanda kilima chetu cha Busoro na wapimaji wanne na kamba ndefu. Wanatafuta ardhi ya kuwapa wageni wanaoletwa na serikali kutoka Rwanda. Wakapiga vigingi kando ya kijito Katobi, upande wetu wa huku, kana kwamba shamba la ng'ambo halina mwenyewe. Nikamwambia: Bwana, mpaka wetu si maji. Mpaka wetu ni mulinzi, mti wa maua mekundu ambao baba yangu aliupanda ng'ambo siku mwami, chifu wetu, alipompa kilima hiki, na nyuma yake tulimzika. Akauliza mti uko wapi. Nikasema uliondoka na ukingo udongo ulipoporomoka, mwaka wa hamsini na tatu, likabaki kaburi lisilo na jiwe wala msalaba.

Hakukasirika. Alinichukua mpaka nyumbani kwake, akaniingiza sebuleni na matope yangu. Ukutani, Hilaire, kulikuwa na picha yako. Busoro yote: nyumba yetu, ndizi, kijito, moshi wa jiko la nyanya yako. Na mulinzi, mwekundu kama ulivyokuwa. Lakini ulikuwa upande wa huku wa maji!

Nikamwambia mti haukusimama hapo. Akacheka kidogo, akasema kwa Kiswahili chake: "Katekista, watu wanasema uwongo juu ya shamba. Hii picha haitake shamba." Akaitoa ukutani, akaigeuza. Nyuma yake nikasoma maneno ya mkono wako: *Busoro, 1951, d'après nature.* Alinifafanulia kana kwamba mimi ni mtoto: maana yake mchoraji alikaa mbele ya kitu na kukichora kama kilivyo.

Shamba la ng'ambo amepewa Kabera, mdogo wake marehemu baba yako Sebarenzi, aliyefika mwaka jana na mke wake Nyirabagenzi na mbuzi sita. Siandiki kwamba uliuza shamba. Naandika tu kwamba nimeona nani alipoteza na nani alipata, na mchoraji ni damu ya nani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nataka kitu kimoja. Wewe unajua Kifaransa cha watu wakubwa. Mwandikie bwana agronomi kwamba mti ulisimama ng'ambo. Nyanya yako anataka kulala kando ya mume wake, na kila Jumapili baada ya sala ananiuliza ni nani atakayemfungulia udongo kule. 

Mjomba wako,
Paul, katekista


Omate, tarehe 2 Mei 1955

Mjomba Paul,

Barua yako ilifika baada ya Pasaka, imeloa, imepitia mikono ya dereva wa kamio, ya mwuza chumvi, na ya mtu aliyeifungua na kuifunga tena vibaya. Nakushukuru kwa salamu. Mpe pole mama Léontine. Msalimie nyanya, mwambie mkono wangu ni mzima.

Paa ninalo. Niko hapa Walikale, katika kambi ya wachimbaji, na nina mke, Jeannette, binti wa mwindaji wa huku. Tulifunga ndoa misioni mwezi wa Agosti. Sikuwaalika. Baba mkwe wangu hakuniuliza mimi ni wa kabila gani. Aliuliza kama ninakula ngiri. Huku mvua haina msimu, inanyesha tu.

Kazi yangu ni kuchora. Naona hukuuliza, basi nakuambia bila kuulizwa. Nimechora wachimbaji wakiosha mchanga mtoni, wake zao wakingoja, mzee mmoja mwenye mitego aliyekataa siku ishirini kabla ya kukubali kukaa. Mkurugenzi wa mgodi amepeleka picha zangu tatu Elisabethville na gazeti limeandika juu yangu. Limeniita mchoraji asiyeongeza wala kupunguza. Mwakani kumi na mbili zitakwenda Ubelgiji, pengine na mimi mwenyewe nyuma yake. Katika watu wote wa Masisi na Walikale, Mjomba, ni nani mwingine aliyeitwa hivyo?

Sasa kuhusu mti wako. Picha si ramani. Mtu anayepima shamba kwa picha ya sebuleni ni mjinga, na ujinga wake si kosa langu. Mwandikieni ninyi. Wazee hawakuisha Busoro.

Lakini nimecheka, na kicheko kilikuwa kichungu. Nilipokuwa na miaka kumi nilichora kwa makaa ukutani mwa kanisa lako, punda na Bwana Yesu juu yake, na watu wa Busoro njiani. Uliniambia nini? Ulinipa maji na majani ya kusugulia, nikasugua mpaka vidole vikatoka damu, na ulisimama mlangoni ukisema: "Hii michezo ya kwa babako usilete apa." Leo picha yangu imekuwa na nguvu kuliko ushahidi wa katekista, na unataka niisugue tena. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ni mimi,
Hilaire Sebarenzi


Nyabiondo, tarehe 29 Mei 1955, Pentekoste

Hilaire,

Tumepata salamu zako. Habari za ndoa nimezisoma kwa sauti mbele ya nyanya yako, naye alifurahi, halafu akauliza kwa nini hakujulishwa, na hapo nilikunja karatasi. Jino la Léontine limeng'olewa. Wageni wamepanda viazi ng'ambo. Vinaota vizuri, udongo ule ulipumzishwa miaka miwili na mimi.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta sentensi moja. Haimo. Umeandika juu ya Elisabethville, gazeti, ngiri na punda, lakini hukuandika mti ulisimama wapi. Mtu asiyeiba akiulizwa husema sikuiba. Wewe unaniambia kwamba picha si ramani.

Basi nitakukumbusha. Mwaka wa thelathini na sita, wiki chache baada ya mama yako Emérita kufariki, ulipanda mulinzi ule kutafuta maua ya kumwekea kaburini. Ulikuwa na miaka tisa. Tawi lilikatika, ukaanguka juu ya mkono wako wa kuume. Nilikusikia nikiwa kisimani. Nilivuka maji, Hilaire. Nilivuka yakiwa yamenifika kifuani, maana ilikuwa Aprili, nikakubeba mgongoni, nikavuka tena kurudi, wewe ukiniuma bega kwa maumivu. Alama ya meno yako ninayo. Nyanya yako alikufunga mkono kwa maganda ya mgomba na vijiti, na kwa siku arobaini alikulisha yeye.

Mti wa upande wa huku hauvukiwi maji. Mkono ule ule ndio ulioushika mti na kuuhamisha. Usiniambie kwamba ulisahau.

Kwa desturi yetu mwipwa anaingia kwa mjomba wake, anachukua kuku bila kuomba, na mjomba hana ruhusa ya kukunja uso. Hukuwahi kuchukua hata kifaranga. Kumbe ulikuwa unangoja uchukue kilima!

Hilo la ukuta wa kanisa ni kweli. Padre alikuwa anakuja kukagua. Nilikuwa na woga.

Andika barua ile.

Paul


Omate, tarehe 8 Agosti 1955

Mjomba,

Salamu kwa nyanya, kwa mama Léontine, na kwa yeyote mwingine aliye tayari kuzipokea kutoka kwangu. Jeannette ni mjamzito na hataki kunusa mafuta ya rangi, kwa hiyo nachorea nje, chini ya kibanda cha majani, na mbuzi wa kambi wanalamba brashi. Mvua inanyesha.

Nilichelewa kujibu kwa sababu niliandika barua tatu na kuzichana. Hii sitaichana.

Umenikumbusha mwaka wa thelathini na sita. Asante. Mimi nakukumbusha arobaini na sita.

Baba yangu alikuja Masisi peke yake, miaka mingi kabla ya hao wanaoletwa na serikali leo na karatasi zao. Alilima kwenu, akamwoa dada yenu, akawajengea ghala lile ambalo bado mnawekea maharage. Mama alipokufa hakurudi kwao. Alikwenda Ngungu kupasua mawe ya barabara ili alipe shule yangu, na kila alipopata ruhusa alikuja Busoro na kilo ya chumvi. Alipoanza kutapika damu alitembea kutoka Ngungu hadi kwako akiegemea fimbo. Nilikuwapo, nilikuwa nimerudi likizo, nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete. Nilimsikia akikuomba. Hakuomba shamba. Alisema: "Shemeji, munipe tu fasi ya hatua mbili, kule ku mulinzi, karibu na mzee. Mutoto ajue fasi ya kunitafuta."

Ulijibu nini, Mjomba? Nataka niyaone maneno yale kwa mwandiko wako mzuri wa katekista. Wewe ndiwe unayetaka sentensi.

Alirudi Ngungu. Alizikwa kando ya barabara na watu waliokuwa hawajui jina lake la ubatizo. Nilipofika walinionyesha vilima vitatu vya udongo wakasema ni kimoja kati ya hivi. Nilipiga magoti kwenye vyote vitatu. Nikiwa Nyabiondo naitwa mtoto wa yule mgeni. Ngungu, kwa watu wa baba yangu, naitwa mtoto wa yule mwanamke wa wenyeji. Nilijifunza kuchora sura za watu kwa sababu nilikuwa natazamwa sana, nikaamua na mimi nitazame.

Kabera hajaniandikia hata mara moja. Sijui sura yake. Kama amepata udongo ule, hakuupata kwangu. Lakini nikisema nimeumia kwa ajili yako nitakuwa mwongo, na wewe hupendi uwongo.

Hilaire


Nyabiondo, tarehe 20 Septemba 1955

Hilaire,

Kuhusu baba yako sina la kuandika.

Nyanya yako ameanguka. Si kuanguka kwa mguu, ni mwili wote. Upande wa kushoto haumtii. Léontine anamgeuza asubuhi na jioni. Nyirabagenzi, mke wa Kabera, huvuka kijito na maziwa kila siku ya pili. Mara ya kwanza nilimrudisha. Mara ya pili mama yangu mwenyewe aliniita mjinga mbele yake, akanywa.

Kabla ya hilo, mwezi wa Julai, nilifanya kitu ambacho sikukuandikia. Nilimbeba mama kwa tipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, mimi na wanaume watatu, hadi kwa bwana agronomi, ili aseme kwa kinywa chake mume wake amelazwa wapi. Bwana alikuwa na heshima, alimpa kiti. Alishusha picha yako na kuiweka mapajani pake.

Hakuwa ameiona. Aliitazama muda mrefu sana. Alisema: "Hilaire anajua. Ona moshi yangu. Ona mulango yangu iko wazi." Alifurahi, Hilaire, alisahau tulichojia. Halafu akaanza kutafuta kwa kidole. Alianzia mlangoni, akashuka njia, akafika mtini, na nyuma ya mti akatafuta mahali pa mume wake na pa kwake. Kidole kiliendelea kikaingia majini. Akarudi mlangoni, akaanza tena. Mara tatu. Halafu akaniangalia akasema: "Paul, mimi ntalala wapi? Apa iko mayi."

Bwana agronomi aliandika katika daftari lake kwamba mzee hakuweza kuonyesha mpaka.

Nakuchukia kwa siku ile. Nimeungama kwa padre na bado nakuchukia.

Paul


Omate, tarehe 11 Novemba 1955

Mjomba Paul,

Barua yako ilinikuta siku mtoto alipozaliwa. Jeannette ni mzima. Mtoto ni msichana, mdogo, mwenye hasira. Nimempa jina la Athanasie. Mwambie nyanya, hata kama hutaki kumwambia mengine.

Unataka sentensi. Mulinzi ulisimama ng'ambo ya maji, hatua kumi chini ya kaburi la babu. Nilianguka kutoka juu yake. Ulinivusha mgongoni. Nayajua yote hayo kama ninavyojua kiganja changu.

Sikiliza jinsi nilivyofanya. Ninapomaliza picha huwa naiangalia kwenye kioo, kwa sababu jicho likiizoea picha halioni tena makosa yake, na kioo huigeuza ikawa kama kazi ya mtu mwingine. Ile ya Busoro niliiangalia kwenye kioo nikaona imelala upande mmoja. Nyumba, ndizi, moshi, vyote vimejaa huku. Ng'ambo kuna majani matupu na wekundu kidogo mbali, mdogo kama tone. Nilichukua kisu cha rangi, nikaukwangua mti, nikauleta karibu, mkubwa. Picha ikasimama. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikaigeuza nikaandika *d'après nature*, kwa sababu mwalimu wangu wa misioni alisema Wazungu hununua kilichoandikwa hivyo.

Hiyo ndiyo sababu. Nimeisema hivyo kwa miaka minne ndani ya kichwa changu. Lakini tangu barua yako ya kidole najiuliza jambo jingine. Nilipoukwangua mti ule kutoka mahali ambapo baba yangu alinyimwa, je, mkono wangu ulikuwa unatafuta uzuri tu? Sijui. Nakuapia sijui. Nakumbuka tu kwamba mahali pale palipobaki wazi sikupaonea huruma.

Nimemwandikia bwana agronomi. Kurasa mbili, Kifaransa, saini yangu na tarehe. Nimeandika kwamba picha ni ya uongo katika jambo la mti, kwamba uongo ni wangu, na maneno ya nyuma ni uongo wa pili. Kwa kuwa barua hupotea, nakala moja nilimpa mkurugenzi wa mgodi aitume na posta ya kampuni. Aliisoma mbele yangu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama najua kwamba katalogi ya Ubelgiji tayari imechapwa, na kwamba ukurasa wa kwanza unasema siongezi wala sipunguzi. Nikasema najua. Picha kumi na mbili zimerudishwa ghalani, zimegeuzwa uso ukutani. Tangu wiki jana napaka namba kwenye magari ya mgodi. Nafanya namba nzuri.

Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Sentensi yangu umeipata. Yako bado naingoja.

Hilaire


Nyabiondo, tarehe 22 Januari 1956

Hilaire,

Salamu kwako, kwa Jeannette, na kwa mtoto. Mvua ni ya kiasi. Maharage ni mazuri kuliko ya mwaka jana. Mama yangu, nyanya yako Athanasie, alifariki tarehe sita, siku ya Mamajusi, asubuhi, Léontine akimshika kichwa. Barua ingekufikia tu baada ya maziko, kwa hiyo sikukimbilia kuandika.

Nitakuandikia kwa mpangilio.

Karatasi yako ya Kifaransa ilifika kabla ya Noeli. Bwana agronomi aliniita. Usitegemee habari njema. Alisema mtu aliyekiri kwamba alidanganya mwaka wa hamsini na moja anaweza pia kudanganya mwaka wa hamsini na tano, hasa akiwa na mjomba. Vigingi viko pale pale. Umepoteza Ubelgiji yako na mimi sikupata hata tuta moja la viazi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba ya msema kweli ni ndefu hivi.

Picha hakuitaka tena. Alinipa mkononi akasema: "Chukua, haina bei tena." Nikaibeba kichwani, uso chini, nikiwa na hasira ya kutaka kuwashia moto nayo.

Nilipofika nyumbani mama aliiomba. Nikaisimamisha mbele ya kitanda chake, na kidole kile, cha mkono uliobaki, kikaanza tena kutoka mlangoni. Sikuweza kutazama. Nilikwenda jikoni nikatoa kaa lililozimika, nikarudi, nikachora mulinzi ng'ambo ya maji, mahali pake. Sikuwahi kuchora kitu maishani. Ulitoka kama ufagio uliosimamishwa juu ya mpini. Ule wako mwekundu niliupaka masizi mpaka ukaisha, na kijito kikachafuka kabisa. Picha yako sasa ni mbaya, Hilaire, mtu yeyote mwenye macho angelia.

Mama alishuka njia, akavuka maji, akafika kwenye ufagio wangu, akaacha kidole pale. Akasema: "Ni apa. Ntalala apa." Akacheka kwa ule upande unaocheka. Nikamwambia kwamba huko Walikale kuna Athanasie mwingine. Akasema: "Basi tuko wawili. Mumoja alale, mumoja aamuke."

Alipofariki nilivuka kijito kwenda kwa Kabera. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, nikayapoteza njiani. Niliomba hatua mbili. Alikuwa anakata miti ya zizi, hakuacha kukata mara moja. Ana sura ya baba yako, kwa kuwa uliandika hujui, masikio hasa. Alisema: "Kaka yangu aliombaka hatua mbili ku hii mulima, watu ya Ngungu baliniambia. Ulimuambia nini?"

Nikasimama. Mke wake akasimama na kibuyu. Nikamwambia, na sasa nakuandikia wewe, kwa mwandiko huu unaousifu. Nilimwambia Sebarenzi: "Mugeni hazikwe na benye fasi." Hayo ndiyo maneno. Alikuwa na damu kwenye shati. Alinijibu asante, shemeji, kwa kuwa nilikuwa nimempa kiti. Niliogopa kwamba kaburi lake lingekuwa mpaka mwingine, na kwamba siku moja watu wake wangekuja na kusema huyu ni wetu, na hapa ni petu. Sasa wamekuja bila kaburi, na udongo wameupata kwa picha.

Kabera aliweka panga chini. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Alichukua jembe lake akaenda kuchimba yeye mwenyewe, mahali nilipomwonyesha, pembeni mwa baba yangu. Hakuomba kitu. Angeomba kitu ningelala usingizi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ngungu kwa miguu, siku mbili. Nilivikuta vile vilima vitatu vya udongo kando ya barabara, vimekaribia kulingana na ardhi. Sikujua kipi, kama wewe usivyojua. Nikachukua udongo kutoka vyote vitatu, kikapu kimoja, nikauzika ng'ambo, hatua mbili kutoka kwa baba yangu. Watu wawili nisiowajua sasa wamelala Busoro pamoja na baba yako, na mzee wangu atavumilia. Nilipanda tawi la mulinzi juu yao. Tawi la mti ule likichomwa ardhini halihitaji kubembelezwa, linashika lenyewe. Limeanza kushika.

Usidhani tumepatana. Bado ninapofumba macho naona kidole kile majini. Na wewe, nadhani, bado unamwona mtu wa fimbo. Tukae hivyo.

Picha sitakurudishia. Imetundikwa juu ya kitanda cha mama, na ufagio wangu unaonekana kutoka mlangoni. Usije na rangi kuutengeneza. Ukija njoo na mtoto, mumfikishe ng'ambo, halafu uingie nyuma ya jiko. Yupo jogoo mweusi, mkorofi, anawadonoa wanafunzi wa katekisimu. Huyo ni wako tangu mwaka wa thelathini na sita. Mchukue bila kuniomba. Uso nitakunja.

Mjomba wako,
Paul